Nchi ya Sannikov: filamu, baroni aliyepotea na kisiwa kilichoyeyuka

Bata bukini ndio chanzo cha kisa hiki chote. Wawindaji wa Visiwa vya Siberia Mpya, huko juu kabisa ya Urusi, waliwaona wakipita kuelekea kaskazini majira ya joto yalipokaribia, upande ambao ramani haikuonyesha kitu ila bahari iliyoganda. Baridi ilipoanza kuuma, bata walirudi kusini. Sasa bata hatagi juu ya barafu wala halishi vifaranga kwa upepo. Wawindaji wakafikia hoja ambayo mtu yeyote mwenye akili zake angeifikia: huko mbele kuna ardhi.

Kutokana na hoja hiyo kulizaliwa safari za mabaharia, vifo, riwaya ya mwanajiolojia, na mwaka 1973 filamu ya studio ya Mosfilm iitwayo Zemlya Sannikova, yaani Nchi ya Sannikov. Watu zaidi ya milioni 40 waliiangalia katika kumbi za Umoja wa Kisovyeti, na hadi leo watazamaji wapya wakimaliza kuiona huuliza swali lilelile: je, nchi hiyo ilikuwepo kweli, au ni hadithi tu? Jibu fupi halipo. Katika kisa hiki kuna mtu halisi, kuna kosa la macho, kuna ubunifu wa mwandishi, na kuna ukweli mmoja wa ajabu kuliko yote yaliyomo kwenye filamu. Vimefungamana kama nyuzi za wavu, na inabidi kuvifungua kimoja kimoja.

Tuanze na mtu. Yakov Sannikov hakuwa mvumbuzi wa kutumwa na mfalme. Alikuwa mfanyakazi wa wafanyabiashara, akitafuta pembe za mamothi, mnyama wa kale wa jamii ya tembo mwenye manyoya marefu. Pembe hizo hazikutoka kwa mnyama aliyewindwa. Mamothi alikuwa amekwisha kutoweka maelfu ya miaka nyuma, ila mizoga na mifupa yake ilikuwa imehifadhiwa ndani ya udongo ulioganda, na kila kiangazi bahari ilipomega kingo za visiwa, pembe zilichomoza zenyewe. Kazi ya Sannikov ilikuwa kuzunguka na sleji, vyombo vya kuteleza juu ya theluji vinavyokokotwa na mbwa, na kuziokota. Kuzunguka huko kulimfanya aijue sehemu hiyo kuliko ofisa yeyote wa serikali, na ndiyo maana Matvei Gedenschtrom alipopelekwa kupima visiwa kuanzia mwaka 1808, alimchukua awe mkono wake wa kulia.

Katika miaka ya 1810 na 1811, akiwa kwenye kisiwa cha Kotelny na vingine jirani, Sannikov aliona mbali kaskazini kitu chenye umbo la milima. Alijaribu kukifuata kwa sleji akazuiwa na maji yasiyoganda. Gedenschtrom akaweka taarifa hizo katika ramani, na kuanzia hapo jina la mwokota pembe likakaa juu ya nchi ambayo hakuna mtu aliyeikanyaga. Luteni wa majini Pyotr Anjou alitumwa kuitafuta miaka ya 1821 hadi 1823 akarudi mikono mitupu. Ingeweza kuishia hapo.

Haikuishia hapo kwa sababu ya baroni mmoja. Eduard Toll alikuwa mwanajiolojia mzaliwa wa Reval, mji ambao leo ni Tallinn, Estonia. Agosti 1886, siku ambayo hewa ilikuwa safi kabisa, alisimama Kotelny akaona kwa macho yake milima minne yenye vilele bapa kama meza, na mbele yake uwanda ukiteremka. Toll hakuwa mtu wa kupiga kelele tu. Alipima mwelekeo kwa dira, akakadiria umbali kuwa zaidi ya kilomita 150, na kutokana na umbo la milima akadhani hata aina ya mwamba wake: basalti, mwamba wa volkano. Baadaye alimwuliza mwongozaji wake, mwindaji Dzhergeli, ambaye alidai kuiona nchi hiyo mara kadhaa, kama angependa kufika huko. Dzhergeli alijibu kwamba kama angeikanyaga mara moja tu, basi na afe. Toll aliyabeba maneno hayo moyoni, na kwa bahati mbaya akayatimiza kwa niaba ya mwenzake.

Mwaka 1900 aling'oa nanga St. Petersburg kwa meli iitwayo Zarya, kwa niaba ya Chuo cha Sayansi cha Urusi. Mwaka uliofuata meli ilipita maeneo ambayo milima ile ilipaswa kuonekana. Ukungu ulikuwa mzito. Toll aliandika kwenye shajara yake kwamba mtu angeweza kupita jirani na nchi hiyo mara nyingi bila kuiona. Ni sentensi ya mwanasayansi mwaminifu, lakini pia ni sentensi ya mtu ambaye amekwisha kujifungia mlango wa kutoka, maana ukishasema hivyo, hakuna ushahidi wowote wa kutoona kitu utakaokutosha.

Juni 1902 alishuka melini na wenzake watatu, mwanaastronomia Friedrich Seeberg na wawindaji wawili wenyeji, wakaelekea kisiwa cha Bennett kwa sleji na mitumbwi. Zarya ilipangiwa kuwafuata wakati wa kiangazi. Barafu iliizuia, makaa ya mawe yakapungua, na kwa mujibu wa maagizo ya Toll mwenyewe nahodha akalazimika kurudi. Wale wanne wakabaki kisiwani hadi mwisho wa Oktoba, kisha wakaondoka kuelekea kusini katika giza la majira ya baridi, wakitembea juu ya barafu changa. Waliacha barua. Inasema wana chakula cha siku 14 hadi 20 na kwamba wote ni wazima. Ndani ya taarifa hiyohiyo, Toll aliorodhesha ndege aliowaona, wakiwemo bata bukini waliokuwa wakitoka kaskazini kwenda kusini, akaongeza kwamba nchi walikotoka haikuonekana kwa sababu ya ukungu. Mtu amebakiwa na chakula cha wiki mbili na bado anahesabu bata! Hawakuonekana tena.

Aliyezipata karatasi hizo alikuwa ofisa kijana wa meli ileile, hajatimiza miaka 30, aitwaye Aleksandr Kolchak. Mwaka 1903 yeye na kikundi kidogo waliikokota mashua juu ya barafu mpaka baharini, wakapiga makasia hadi Bennett. Wakati wa kuvuka ufa wa barafu Kolchak alitumbukia majini, akavutwa na msimamizi wa mabaharia, Nikifor Begichev. Huyu ndiye Kolchak ambaye baadaye alikuja kuwa amiri, akaongoza majeshi yaliyopigana na Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioanzisha utawala wa Kisovyeti, akapigwa risasi Irkutsk mwaka 1920. Kwa hiyo sehemu nzuri kuliko zote ya kisa cha kweli haikuweza kuingia kwenye filamu ya Kisovyeti. Kisiwa kilichopewa jina lake katika Bahari ya Kara kilibadilishwa jina na hakikurudishiwa hadi mwaka 2005. Mtazamaji wa mwaka 1973 hakujua kwamba nyuma ya mchezo ule kulikuwa na adui wa taifa akiogelea kwenye maji ya barafu kumtafuta mkubwa wake.

Je, walikuwa wajinga?

Ni rahisi kuwacheka watu walioamini nchi isiyokuwepo. Lakini tazama walichokijua wakati huo. Mwaka 1881 meli ya Kimarekani Jeannette, chini ya George De Long, ilivumbua visiwa vitatu kaskazini-mashariki ya palepale, kimojawapo kikiwa Bennett. Wengi wanaona kwamba Sannikov alikuwa amekiona kimojawapo cha visiwa hivyo miaka 70 kabla. Kama alisema kweli pale, kwa nini asisadikiwe hapa? Kisha mwaka 1913 meli mbili za Kirusi, Taimyr na Vaigach, ziligundua visiwa vya Severnaya Zemlya, eneo la kilomita za mraba kama 37,000, kubwa kuliko Ubelgiji, ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Mwaka 1924 mwanasayansi wa bahari Vladimir Vize alikaa mezani, akachambua jinsi meli ya Svyataya Anna ilivyosukumwa na barafu, akatangaza kwamba lazima kuna kisiwa mahali fulani. Mwaka 1930 kisiwa kikakutwa pale alipokisema. Katika miaka hiyo kukanusha kuwepo kwa nchi mpya Aktiki, eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, kulihitaji ujasiri zaidi kuliko kuamini.

Hapo ndipo anapoingia Vladimir Obruchev. Huyu hakuwa mwandishi wa riwaya aliyesoma sayansi kidogo ili apate rangi ya hadithi. Alikuwa mmoja wa wanajiolojia wakubwa wa Siberia, mtu aliyetembea Asia ya Kati na China kwa miguu na farasi, na ambaye baadaye alikuja kuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi. Riwaya yake ilitoka mwaka 1926, na ukiisoma unaona ni jaribio la kisayansi lililovalishwa nguo za hadithi. Swali lake ni hili: tuseme nchi ya Sannikov ipo; je, ingewezekanaje bata wakaishi huko katikati ya barafu? Akajibu kwa kutumia taaluma yake. Inabidi iwe kasoko kubwa la volkano ya zamani, lililozungukwa na kuta za mlima zinazozuia upepo, na chini yake moto ambao haujazimika. Joto hilo linatoka kwa chemchemi, linayeyusha theluji, linaotesha nyasi na miti. Ndani ya bakuli hilo wanyama wa zama za barafu wangeweza kuendelea kuishi, akiwemo mamothi na kifaru mwenye manyoya.

Watu aliwapata wapi? Kwenye simulizi za Wachukchi, wenyeji wa kaskazini-mashariki ya Siberia, zilizoandikwa na wasafiri wa karne ya 19, kuna habari za kabila la Waonkilon lililoshindwa vita likapanda mitumbwi na kupotelea baharini, upande wa kaskazini. Obruchev akawapeleka kwenye kasoko lake. Akaongeza na Wavampu, watu wa kale wa mapangoni, nao ni wa kubuni kabisa. Kisha akamaliza kama mwanajiolojia angemaliza: moto wa chini unatikisika, joto linakwisha, nchi inakufa.

Kwenye skrini

Wakurugenzi Albert Mkrtchyan na Leonid Popov walipoichukua hadithi hiyo, waliacha sehemu kubwa ya sayansi. Mamothi hawamo, na kwa bajeti na mbinu za wakati ule labda ilikuwa busara. Mamothi wa kitambaa angeiua filamu nzima. Badala yake walitia dhahabu. Katika filamu, Aleksandr Ilyin ni mtu aliyehamishiwa Siberia kwa sababu za kisiasa, naye anamshawishi tajiri wa machimbo, Perfilyev, agharimie msafara kwa kumwambia kwamba nchi hiyo ya joto huenda ina dhahabu. Ofisa mcheza kamari Krestovsky anajiunga kwa sababu hana la kupoteza. Tunakutana naye akipanda mnara wa kengele huku amefungwa kitambaa machoni, kwa ajili ya dau. Gubin, daktari, ni mtoro. Na tajiri anamtuma mtumishi wake Ignatiy aende nao kulinda maslahi yake.

Ignatiy ni Georgi Vitsin, mchekeshaji aliyependwa nchi nzima kwa nafasi za mwoga na mlevi. Kumpa mtu huyu nafasi ya msaliti ni ujanja mzuri: mtazamaji anacheka, halafu anashtuka. Upande wa pili kuna Makhmud Esambaev, mcheza ngoma maarufu wa Kichechnya, kama mganga mkuu wa Waonkilon. Esambaev alikuwa mwenye mwili mwembamba mno na mgongo ulionyooka kama mkuki, na anapocheza ngoma ya mganga huhitaji kuelewa neno hata moja la Kirusi. Mizunguko ya bega, vidole vinavyosimama kila kimoja peke yake, kichwa kinachobaki tuli wakati mwili mzima unatetemeka: hapo filamu inaacha kuwa ya vijana na kuwa kitu kingine. Kwangu mimi hizo dakika chache zina thamani kuliko mapigano yote yaliyomo.

Mandhari nayo haikutengenezwa studio. Sehemu ya picha ilichukuliwa Kamchatka, kwenye Bonde la Chemchemi za Moto, ambako maji yanayochemka yanaruka kutoka ardhini na mvuke unatanda juu ya majani mabichi. Bonde hilo lenyewe liligunduliwa mwaka 1941 tu, na mwanajiolojia Tatyana Ustinova. Kwa hiyo dhana ya Obruchev kwamba joto la ardhini linaweza kuotesha kijani katikati ya theluji haikuwa ndoto. Watengenezaji wa filamu walikuwa nayo mbele ya kamera, ila mahali pengine kabisa, kilomita maelfu kutoka Kotelny.

Wahakiki hawakuipokea vizuri, na si kwa kuonea. Hadithi inakwenda kwa kurukaruka, Waonkilon wanavaa na kuongea kama wageni wa tamasha, na maswali ambayo Obruchev alihangaika nayo hayapati nafasi. Watu hawakujali. Walikwenda kwa ajili ya nyuso za Vladislav Dvorzhetsky aliyeigiza Ilyin na Oleg Dal aliyeigiza Krestovsky, na kwa ajili ya wimbo wa Aleksandr Zatsepin, wenye maneno ya Leonid Derbenyov, unaosema kwamba maisha ni ile nukta iliyopo kati ya yaliyopita na yajayo. Wimbo huo uliimbwa na Oleg Anofriev, sauti yake ikawekwa kwenye midomo ya Dal, na umeishi kuliko filamu yenyewe. Warusi wengi wanaouimba karamuni hawakumbuki Ignatiy ni nani. Dvorzhetsky alifariki mwaka 1978 na Dal mwaka 1981, wote wakiwa na miaka 39, jambo ambalo mashabiki wameshindwa kuliacha.

Basi waliona nini?

Mwaka 1937 meli ya kuvunja barafu Sadko ilipelekwa kwenye eneo hilo. Haikuona nchi. Ndege za Kisovyeti zikapita juu yake mwaka 1938. Hakuna kitu. Hapo ndipo jina likafutwa rasmi kwenye ramani, miaka zaidi ya 120 baada ya Sannikov.

Jibu moja ni mazigazi. Sote tunayajua yale ya barabara ya lami mchana wa jua kali, ambapo unaona dimbwi la maji mbele ya gari. Hewa ya moto iliyo karibu na lami inaupinda mwanga wa anga uje kwako kutokea chini, na wewe unaona anga chini ukidhani ni maji. Aktiki mambo yanageuka. Hewa ya baridi ndiyo iliyolala juu ya barafu, ya joto iko juu yake, na mwanga unapindishwa kufuata mviringo wa dunia. Kitu kilicho nyuma ya upeo wa macho kinainuliwa kikaonekana. Tena kinavutwa kwenda juu: tuta la barafu la mita chache linakuwa jabali, na kilele chake kinakatwa kikawa bapa. Milima yenye umbo la meza, alivyoandika Toll, ndiyo hasa sura ambayo mazigazi ya aina hii hutengeneza. Mmarekani Robert Peary aliona nchi ya namna hiyo mwaka 1906 kaskazini ya Kanada, akaipa jina la mfadhili wake. Msafara uliokwenda kuitafuta miaka michache baadaye uliiona pia, milima, mabonde na vyote, na kadiri walivyoisogelea ndivyo ilivyorudi nyuma. Mwongozaji wao mwenyeji alikuwa amekwisha kuwaambia ni ukungu tu.

Lakini mazigazi hayamalizi hoja. Jibu la pili linatoka kwenye udongo uleule uliompa Sannikov riziki. Visiwa vingi vya sehemu hiyo havina mwamba wa kutosha ndani. Ni udongo na barafu ya kale vilivyoshikana, na katika baadhi ya sehemu barafu ni zaidi ya nusu ya ujazo wote. Kisiwa cha namna hiyo kinaonekana kama ardhi ya kawaida: kina nyasi, kina bata, kina mifupa ya mamothi. Ila bahari ikikigusa wakati wa kiangazi, ukingo unayeyuka, udongo unaporomoka, na mawimbi yanaubeba. Anjou alipopima kisiwa cha Semyonovsky mwaka 1823, kilikuwa na urefu wa karibu kilomita 15. Mwaka 1912 kilikuwa kimebaki chini ya kilomita 5. Kufikia miaka ya 1950 kilikuwa kimekwisha. Jirani yake, Vasilyevsky, kilikuwa kimetoweka hata kabla, mabaharia walipofika mwaka 1936 wakakuta maji matupu juu ya kina kifupi. Hivyo ni visiwa vilivyopimwa na ofisa mwenye vifaa. Havikuwa mazigazi.

Wataalamu kadhaa kwa hiyo wamesema kwamba Sannikov huenda aliona kisiwa halisi cha aina hiyo, ambacho kilikuwa kimekwisha kuyeyuka Toll alipokwenda kukitafuta. Mimi naona milima ya Toll ilikuwa mazigazi, maana kisiwa cha udongo na barafu hakiinuki kiasi cha kuonekana kutoka kilomita 150. Na cha Sannikov kinaweza kuwa mchanganyiko, siku moja mwanga, siku nyingine ardhi. Kinachonivutia zaidi ni jinsi Obruchev, na filamu nyuma yake, walivyoligeuza jambo juu chini. Kwao, nchi ya joto inakufa kwa baridi, moto wa chini unapozimika. Huko Bahari ya Laptev, bahari ya visiwa hivyo vilivyoyeyuka, nchi zilikuwa zinakufa kwa joto.

Na kwa kweli nchi iliyopotea ipo, kubwa kuliko yoyote aliyoiwaza mwandishi. Miaka kama 20,000 iliyopita maji ya bahari yalikuwa chini kwa takriban mita 120, na bahari yote ile yenye kina kifupi kaskazini ya Siberia ilikuwa uwanda mkavu wa nyasi, mamia ya kilomita kuelekea kaskazini, ukilishwa na makundi ya mamothi na farasi. Barafu za dunia zilipoyeyuka, bahari iliumeza. Visiwa alivyozunguka Sannikov na mbwa wake ni mabaki ya uwanda huo, na ukingo wake bado unamegwa kila kiangazi, mita kadhaa kwa mwaka sehemu nyingine. Waokota pembe bado wanakwenda huko.